ILCA 7, Finn au Moth: uchague ipi kama unataka kushindana dingi ya mtu mmoja ngazi ya juu

Watu wakiulizwa swali hili wengi wanaanza na mashua yenyewe, ipi ina kasi, ipi imezeeka, ipi inapendeza kutazama, mimi naona pa kuanzia ni mzani. Panda asubuhi kabla hujala, soma kilo zako, af jiulize hizo kilo unaweza kukaa nazo miaka minne au minane bila kuteseka. Kwenye dingi (mashua ndogo ya tanga ya mbio) ya mtu mmoja hakuna mwenzako wa kukufidia, uzito wako ndo unaoizuia mashua isilale upepo ukiwa mkali, na uzito huohuo ndo unaoibana upepo ukipoa. Mengine karibu yote yanafuata hapo.

Nalinganisha tatu: ILCA (ya 7 na ya 6, nitazitenganisha panapohitajika), Finn na Moth. Dingi za mtu mmoja ziko nyingi na zingine nzuri sana, ipo OK, ipo Contender, ipo RS Aero yenye gamba (mwili wa mashua bila mlingoti na tanga) la kilo 30 hivi, ipo Europe ambayo wanawake waliishindania Olimpiki kuanzia 1992 hadi 2004. Ila ukiangalia wale waliofika juu kabisa, njia zao nyingi zinapitia kwenye hizi tatu nilizotaja.

Kwanza zijue kwa sura. ILCA ndo ileile ambayo wengi bado tunaiita Laser, jina lilibadilika 2019. Mchoro ni wa Bruce Kirby, ikaanza kuuzwa 1971, urefu mita 4.2 na ushee, gamba kilo 59, tanga moja tu. ILCA 7 ina tanga la mita za mraba 7.06, ILCA 6 ina 5.76, na gamba ni lilelile, kinachobadilika ni tanga na kipande cha chini cha mlingoti. Finn ni mzee wake, mchoro wa Rickard Sarby wa Sweden wa mwaka 1949, urefu mita 4.5, gamba lina zaidi ya kilo 100, tanga la mita za mraba 10 na kitu, mlingoti hauna kamba za kuushikilia na siku hizi ni wa kaboni. Moth ni kitu kingine kabisa, urefu hauruhusiwi kuzidi mita 3.355, upana na mabawa yake ya kukalia mwisho mita 2.25, tanga la mita 8 hivi za mraba, na chini ina foili mbili (mabawa ya ndani ya maji), moja kwenye ubao wa kati na nyingine kwenye usukani, zinazolinyanyua gamba lote juu ya maji. Ukiitoa majini mashua nzima ni kama kilo 30.

Olimpiki nimalize haraka, hapo hakuna mjadala mrefu. Ukitaka medali ya dingi ya mtu mmoja, mwanaume ni ILCA 7 na mwanamke ni ILCA 6, ilikuwa hivo Paris 2024 na ndo hivo Los Angeles 2028. Laser iliingia 1996, hiyo ya wanawake ikaingia 2008. Finn ilikaa Olimpiki kuanzia Helsinki 1952 hadi Tokyo, World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu, wakaamua 2018 kuiondoa na medali za mwisho zikatolewa kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, Giles Scott wa Uingereza akachukua dhahabu yake ya pili mfululizo. Moth haijawahi kuwemo. Na kumbuka kila nchi inapeleka mashua moja tu kwa kila tukio, kwa hiyo kama nchi yako ina watu watatu walioko kwenye kumi bora duniani, wawili watabaki nyumbani wakitazama, hilo ni zito na ni vizuri ulijue mapema kabla hujamwaga miaka yako hapo.

Upande wa pili ni kwamba ILCA imewapa nchi ndogo nafasi ambayo mashua zingine hazikuwapa. Pavlos Kontides alichukua fedha 2012, ikawa medali ya kwanza kabisa ya Cyprus kwenye Olimpiki, akarudi akachukua fedha nyingine 2024. Stefano Peschiera akaipa Peru shaba 2024, medali ya kwanza ya nchi hiyo tangu 1992. Sababu si bahati, ILCA ni muundo mmoja, mashua zote ni sawa, hakuna idara ya uhandisi nyuma ya mtu, na kwenye Olimpiki waandaaji ndo wanaotoa mashua, unapewa gamba na vifaa kama wenzako, kilichobaki ni wewe.

Sasa turudi kwenye mwili, hapa ndo nataka nikae maana watu wengi wanaharibu hapa. ILCA 7 kwa wanaume wa ngazi ya juu inataka kama kilo 80 hadi 85, na mwenye urefu ana faida kwa sababu kilo zake zinakaa mbali zaidi na katikati ya mashua. Ukiwa na 75 unaweza kushinda mbio siku za upepo mdogo lakini upepo ukifika noti 18 (noti ni maili ya baharini kwa saa) na mawimbi, ile safari ya kubisha, yaani kupanda kinyume na upepo kwa zigizaga, kwenda boya la juu kule upepo unakotoka itakuchinja, utalazimika kulegeza tanga ili mashua isilale wakati mwenye 83 kaegama nje kabana demani yake (kamba ya kuvutia tanga) mkononi na anakupita polepole, na hakuna mbinu utakayofanya. Ukiwa na 92 ni kinyume chake, siku ya noti 6 unaiburuza. Na ILCA haikupi njia ya kujitetea, huwezi kuchagua tanga la aina nyingine, huwezi kuchagua mlingoti laini au mgumu zaidi, vyote ni vilevile kwa kila mtu. Mashua haibadiliki, wewe ndo unabadilika. ILCA 6 kwa wanawake wa juu wengi wako kati ya 62 na 72 hivi na hesabu ni ileile.

Finn ni tofauti kabisa kwa hili na ndo sababu watu wakubwa wanaipenda kutoka moyoni. Mwenye kilo 88 na mwenye kilo 105 wanaweza kushindana sawa kwa sababu mlingoti na tanga vinachaguliwa kulingana na mtu. Mwepesi anachukua mlingoti unaopinda zaidi na tanga linalolingana na huo mpindo, upepo ukizidi mlingoti unapinda wenyewe na tanga linapumua, mzito anachukua mgumu anaupiga kwa nguvu zote. Kwa kijana wa mita 1.93 mwenye kilo 97, kumwambia apungue afike 83 ni kumuumiza tu, atapoteza nguvu na mwisho atapoteza hamu ya kupanda mashua. Huyu Finn ndo yake, hata kama Olimpiki haipo tena.

Mfano mzuri ni Ben Ainslie wa Uingereza. Alichukua fedha ya Laser 1996 na dhahabu ya Laser Sydney 2000, ile ya Sydney kwenye mbio ya mwisho akamkaba Robert Scheidt wa Brazil mpaka akaipata. Baada ya hapo akahamia Finn, akaongeza kilo nyingi kwa chakula na vyuma, akachukua dhahabu 2004, 2008 na 2012. Mtu anasema aaah si ni kipaji tu, ni kipaji ndio, lakini angalia pia alivoacha kupigana na mwili wake, Laser ilikuwa inamtaka abaki mwepesi wakati umbo lake lilikuwa tayari kukua. Na mfano wa upande mwingine ni huyohuyo Scheidt, mwili wake ulikaa vizuri kwenye Laser, dhahabu 1996 na 2004, fedha 2000, akaenda kwenye Star, mashua ya watu wawili, akapata medali mbili, akarudi kwenye Laser akawa wa nne Rio 2016 akiwa na miaka 43, na Tokyo alikuwepo tena na miaka 48. Hiyo inakuonyesha kwamba ukilingana na mashua yako unaweza kudumu.

Moth inapenda wepesi, wengi wako kati ya 65 na 85 lakini hapa uzito si kila kitu kama kwenye ILCA kwa sababu ni darasa (aina ya mashua) la ubunifu, unachagua foili kubwa au ndogo, unachagua tanga, unajipanga. Mwepesi anapaa mapema upepo ukiwa mdogo, mzito anakuwa na nguvu zaidi upepo ukikaza.

Maumivu nayo tuyaseme. Kwenye ILCA kuegama nje, miguu imenasa kwenye mkanda, mapaja yamekaza bila kusogea dakika kumi na tano mpaka boya la juu, hilo ndo kazi kubwa ya mchezo wote, magoti na mgongo wa chini ndo vinavyolipa, na ambaye hafanyi mazoezi ya kulinda magoti kuanzia akiwa na miaka 17 atakuja kujuta. Finn nayo unaegama hivohivo lakini ongeza kuvuta, manake sheria za darasa la Finn zinaruhusu kupampu tanga (kulivuta na kuliachia tena na tena) bila kikomo upepo ukifika noti 10, kwa hiyo ukigeuka boya la juu hupumziki, unaenda na upepo huku unavuta demani kwa mkono na mgongo mzima mpaka chini. Mwanamichezo wa Finn anafika mwisho wa mbio mapigo ya moyo yako juu kama alikuwa anapiga makasia.

Kwenye ILCA huo uhuru haupo. Kanuni ya 42 ya mbio za matanga inakupa mvuto mmoja tu wa tanga kwa kila wimbi au kila mpulizo wa upepo, na huo mmoja uwe wa kuanzisha kuteleza juu ya wimbi. Ukizidisha, au ukiitikisa mashua kwa mwili, jaji aliye kwenye boti ya mpira nyuma yako anapiga filimbi na kukuonyeshea bendera ya manjano, unazunguka mara mbili, ukirudia tena kwenye mashindano hayohayo unatoka kwenye mbio ile kabisa. Kwa hiyo kwenda na upepo kwenye ILCA ni sanaa ya kusoma mawimbi, unaielekeza mashua kushoto na kulia, unashuka mpaka upepo unaingia kutoka upande wa nyuma wa tanga halafu unapanda tena, wimbi moja hadi jingine, na walio bora wanachukua mita 50 kwa wenzao bila kuvunja kanuni yoyote. Mimi kwa kweli hapa ndo napoipenda ILCA kuliko zote, ni mashua ya zamani, mlingoti wa vipande viwili, haina kasi ya kutisha, lakini ukimtazama Matt Wearn wa Australia akishuka na mawimbi unaelewa kwa nini kachukua dhahabu Tokyo na akairudia Paris.

Af muda wako unaupeleka wapi, hili watu hawaliulizi na linabadilisha maisha. Baharia wa ILCA saa zake zinaenda majini na gym. Marekebisho yapo lakini ni machache, kamba ya kuvuta bumu (mti wa chini ya tanga) chini, kamba ya kukaza ukingo wa mbele wa tanga, kamba ya kunyoosha chini ya tanga, basi, na ustadi ni kujua lini uvute sentimita mbili. Baharia wa Finn nusu ya akili yake iko kwenye mlingoti na tanga, anapima mpindo, anazungumza na fundi wa matanga, anajaribu tanga jipya pembeni ya mwenzake anayemwamini, na anayeipenda kazi hiyo anafurahi, asiyeipenda inamchosha na inammaliza mfuko. Baharia wa Moth ni fundi kwanza. Kuna kijiti mbele ya mashua kinachogusa maji na kuendesha kibawa cha nyuma ya foili ili mashua isipae sana wala isitumbukie, urefu wa kijiti, uwiano wake, pembe ya foili ya usukani, kila kimoja kinarekebishwa, na ukiwa na kifaa kimoja kimelegea hupai, unashinda ufukweni na bisibisi wenzako wanaondoka. Kama hupendi kushika vifaa usiende Moth hata kama kasi yake inakupa wazimu, na kasi ipo kweli, inapita noti 30 wakati ILCA kwenye siku nzuri sana ya mawimbi iko kwenye noti kumi na kitu.

Gharama nisitaje hela lakini mpangilio ni huu: ILCA ni rahisi kuliko zote kuingia, mashua zaidi ya laki mbili zimetengenezwa duniani, unapata ya mtumba, unasafiri na usukani wako na vifaa vyako vidogo na gamba unakodi kule uendako. Ila ngazi ya juu usidanganyike, gamba linachoka na kulegea, tanga linachoka upesi zaidi, na pesa kubwa inaenda kwenye safari, kocha na boti ya kocha. Finn ni ghali zaidi kwa milingoti na matanga ila gamba zuri linadumu miaka mingi. Moth ndo ya juu kabisa, na ikizeeka inazeeka kwa teknolojia, foili za miaka mitano nyuma zinaweza kuwa nzima kabisa na bado zikakuacha nyuma.

Kwenye mbio zenyewe tofauti kubwa ni mwanzo. Mashindano ya dunia ya ILCA 7 yanakusanya zaidi ya mashua 100, wanagawanywa makundi, na kwa sababu wote wana kasi karibu sawa, ukikosa mstari wa kuanzia umeshanaswa kwenye upepo mchafu, uliovurugwa na matanga ya wenzako, na kurudi juu ni kazi ya mbio nzima. Unalazimika kuwa mtu wa kushikilia nafasi ya mita moja na nusu chini yako, upande upepo unakoelekea, kwa sekunde 40, mashua imesimama, tanga linapigapiga, bila kumgusa mtu. Pointi ni za kuhesabu nafasi, wa kwanza 1, wa pili 2, matokeo mabovu unaruhusiwa kuyatupa moja, na kwenye Olimpiki ya Paris 2024 kumi bora waliingia mbio ya medali yenye pointi mara mbili ambayo haikutupwa, kwa hiyo ILCA inamlipa mtu mtulivu asiyepata 30, kuliko anayeshinda leo na kesho anakuwa wa 28. Marit Bouwmeester wa Uholanzi amejenga maisha yake yote juu ya hilo, fedha 2012, dhahabu 2016, shaba Tokyo, dhahabu tena Paris, zote kwenye mashua moja hii ya wanawake. Na Marseille 2024 upepo ulikuwa mdogo mpaka mbio za medali za ILCA zikasogezwa siku inayofuata, wewe umejiandaa mwili na akili unaambiwa rudi kesho, kama kichwa chako hakivumilii kusubiri ni heri ujijue. Finn inaondoka polepole zaidi pale mstarini kwa uzito wake, unatakiwa upange mapema na uwe na nafasi ya kuichochea. Moth mwanzo ni wa kasi, unakuja unapaa tayari, ukishuka majini wakati filimbi inalia umekwisha.

Baada ya hapo unaenda wapi? Kama ndoto yako ni kulipwa kuendesha mashua, Moth ndo mlango wa karibu, mashua za SailGP na za America's Cup, mashindano makubwa ya kulipwa, zote zinapaa kwa foili na mikono ya kuziendesha wanaitafuta kwenye Moth. Ila angalia waliopita mlango huo: Tom Slingsby dhahabu ya Laser 2012, baadaye bingwa wa dunia wa Moth na nahodha wa Australia iliyoshinda misimu mitatu ya kwanza ya SailGP, Paul Goodison dhahabu ya Laser 2008 af ubingwa wa Moth mara tatu mfululizo 2016, 2017 na 2018. Wote walijifunza kushindana kwenye mashua ya polepole kwanza. Kwa mwenye miaka 18 au 19 mwenye kilo zinazofaa mimi ningesema ILCA ifanywe kwa ukamilifu kwanza, Moth haikimbii. Finn yenyewe haikuelekezi kwenye ajira siku hizi, lakini Gold Cup, yaani mashindano yao ya dunia, ipo tangu 1956 na inaendelea, na mashindano yao ya wakongwe yanajaza mashua kwa mamia, kwa mtu mzima mkubwa wa mwili anayetaka ushindani mkali mpaka miaka 60 sioni dingi inayoikaribia.

Anayebaki kwenye shida ni mwanaume wa kilo 72 hadi 76, huyu nimemfikiria sana. Kwa ILCA 7 ni mwepesi, kwa ILCA 6 Olimpiki haipo kwake ingawa mashindano ya dunia ya wanaume kwenye ILCA 6 yapo na yana watu wakali. Kama ana chini ya miaka 21 na bado anakua, aanze na ILCA 6, aongeze misuli taratibu kwa misimu miwili mitatu na ahamie 7 akifika 78, asihamie mapema kwa ajili ya heshima, manake mwaka mzima wa kupigwa kwenye upepo mkali unaweza kumfundisha tabia mbovu za kulegeza tanga kila saa. Kama ana 25 na mwili umeshatulia, na amejaribu kula na kuinua vyuma mwaka mzima mzani ukagoma, basi aende Moth kama anapenda ufundi, na kama hapendi ufundi aangalie RS Aero, ambayo ina matanga ya ukubwa tofauti na mojawapo litamkaa sawa, huko Olimpiki haipo ila atakuwa anashindana na watu na sio na mzani.

Kabla ya kununua chochote omba mashua ya mtu upande siku mbili, moja ya noti 6 na moja ya noti 20, siku ya noti 15 usiihesabu kwa sababu kila mashua ni tamu kwenye noti 15.